Mchezo wa Asubuhi

Mwalimu wa vidudu aliniagiza mashati ishirini na tatu na magauni manne.

Nilikuwa nauza mitumba ya watoto pembeni ya soko la Tandale, na oda ya namna ile haiji kila siku. Mtu mwenye akili angesema asante, akaondoka kabla mteja hajabadili mawazo. Mie nikarudia kuhesabu. Ndiyo ugonjwa wangu. Hata nikinunua fungu la nyanya, nahesabu sokoni na nikifika nyumbani nahesabu tena, kama vile njiani huwa zinazaa au zinakufa.

"Mwalimu, umesema mashati ishirini na tatu?"

"Ishirini na tatu."

"Na magauni?"

"Manne. Mbona unaniuliza mara mbili, mama? Hukusikia?"

Nilisikia, ndiyo maana nikauliza. Mtaa wetu nilikuwa naujua kwa nguo: nani kazaa nini, nani kavaa nini sikukuu, nani anavalishwa gauni la dada yake mpaka linachanika. Magauni ndiyo yaliyokuwa yakinilisha. Wasichana walikuwa tele. Sasa iweje darasani wawe wanne?

"Wengine wako wapi?"

Mwalimu alikuwa binti mdogo kutoka bara, kamaliza kidato cha nne juzijuzi, anatamka maneno taratibu kama anayasoma ubaoni. Akanyoosha kidole dirishani. Darasa lake lilikuwa chumba cha nyuma cha ofisi ya tawi la chama, na nje ya dirisha lile, juani, walisimama wasichana sita, kila mmoja na mtoto mgongoni kafungwa kwa kanga. Wa ndani wakiimba herufi, wa nje wanachezesha midomo bila sauti, wasije wakawaamsha wale wa mgongoni.

Wa tatu kutoka kushoto alikuwa wangu.

Kwamba binti yangu analea, nilijua. Mie ndiye niliyemfunga ile kanga asubuhi. Baba yao alikuwa anapakia malori Kurasini, anatoka alfajiri. Mie sokoni. Mdogo wake ana miezi tisa. Yaya analipwa, anakula, na siku mkigombana anafunga kibindo chake anaondoka. Binti halipwi, anakula kidogo, na hana pa kwenda. Nyumba zote zilikuwa zimepiga hesabu hiyohiyo. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kina mama tulikuwa tumetoka wote kuuza kitu: vitumbua, mkaa, samaki wa kukaanga, nguo za Wazungu. Mishahara ya kina baba ilikuwa imebaki jina, na wengine hata hilo jina walikuwa wamepunguzwa. Mama akitoka, mchanga anabaki na msichana mkubwa. Na mkubwa, kwetu, alikuwa wa miaka sita.

Nilichokuwa sijui ni kwamba anakuja kusimama pale. Nilidhani anashinda uani.

Januari iliyokuwa inakuja ndiyo nilitaka kumwandikisha darasa la kwanza. Shule ya msingi ilikuwa na vyumba vichache na madawati machache zaidi, na mwalimu mkuu alikuwa na njia yake ya kuchuja. Kwanza mtoto apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili; asiyelifikia akarudi nyumbani akakue. Wanaolifikia wakizidi nafasi, anaanza na waliopita vidudu. Waliobaki, "mlete mwakani." Binti wa jirani yangu wa chumba cha mbele alikuwa ameambiwa mwakani mara mbili. Mkono wake ulikuwa unafika sikioni, unapitiliza, karibu unafika begani. Nyumbani hakuna aliyekuwa akimwuliza tena habari za shule. Walikuwa wakimwuliza kama maji yamechotwa.

Wangu sikuwa tayari kumtoa kwa bei ya mwakani.

"Mashati nitaleta," nikamwambia mwalimu. "Bei tutaelewana. Lakini nina ombi."

"Nikuongezee hela?"

"Niongezee wasichana."

Akacheka bila furaha. "Mama, nilishawakaribisha. Wakiingia wanaingia na watoto. Mmoja akilia, wanalia wote. Mmoja kanichafulia boksi zima la chaki, na chaki nanunua mwenyewe. Mimi ni mwalimu, si yaya. Mtoto mgongoni haingii."

Nchi nzima kila kitu kilikuwa ruksa, isipokuwa mtoto mgongoni.

"Wakikaa barazani, na mtu mzima wa kuwaangalia?"

"Mtu gani?"

"Nitamleta."

"Kila siku?"

"Kila siku ya shule."

"Na siku asipotokea?"

Hapo tukaanza biashara. Mie niliomba siku tatu za msamaha kwa kila muhula. Yeye akasema hakuna hata moja. Nikashuka mbili, akatikisa kichwa, nikajifanya naondoka. Tukakutana kwenye moja. Siku ya pili mtu asipokuja, mlango unafungwa, watoto wanarudi migongoni, na mie nisimsumbue tena. Nilitoka pale nimeshinda, nikafika njia panda ndipo nikakumbuka kwamba huyo mtu mzima niliyemwahidi sikuwa naye.

Kesho yake nikarudi kwa mwalimu, tukaenda wote wawili kwa balozi wa nyumba kumi, atuitie kina mama. Alikuwa mzee wa Kizaramo, fundi baiskeli, mikono imejaa grisi saa zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeniletea nini leo, soksi?"

Tukamweleza. Akasikiliza huku anazungusha gurudumu. "Lakini wale pale wanacheza tu," akasema. "Nimepita, nimeona. Wanaruka kamba. Sasa msichana umtoe nyumbani aende kucheza?"

Mwalimu akamwambia, kwa yale matamshi yake ya ubaoni: "Mzee, katika umri ule mtoto anajifunza kwa mchezo. Mchezo ndiyo kazi yake. Tunaomba uwaite kina mama, tuanzishe mchezo huo kwa watoto wote, wa kike na wa kiume."

"Basi nitawaambia hivyohivyo," akasema balozi.

Na akawaambia hivyohivyo. Alipita nyumba hadi nyumba: Jumapili baada ya alasiri, ofisi ya tawi, kuna mchezo wa watoto unaanza, kina mama wote mfike.

Sijui kwenu mnauitaje. Wengine upatu, wengine kibati. Kwetu sie ni mchezo. Watu mnachanga, mmoja anazoa zote, zamu ijayo mwingine, mpaka mzunguke. Mkutano wa usafi uliotangulia walikuja watu saba, na mmoja wao alikuwa amepotea njia. Jumapili ile mabenchi yalijaa, madirisha yakajaa, na kila mwanamke kafunga fundo kwenye pembe ya kanga.

"Kianzio bei gani?" mama wa vitumbua akauliza hata hajakaa.

"Mie nataka namba tatu. Namba moja chukueni wenyewe, mtanitia macho."

"Huu wa watoto ndiyo upi? Wa nguo za Idi?"

Mwalimu akasimama, amechanganyikiwa. "Hakuna mchezo, kina mama! Yaani, mchezo upo, lakini siyo mchezo!"

"Hee! Wa bara kala hela hata hatujachanga!"

Vicheko mpaka barabarani. Alipofanikiwa kueleza kwamba habari ni ya chekechea, vicheko vikakauka. Wakaanza kunyanyuka. Mmoja akamgeukia balozi: "Mzee, umenitoa na chungu motoni!"

"Mimi nimesema nilichoambiwa," balozi akajibu, naye alikuwa mkweli.

Sokoni, mteja aliyefuata viatu akakuta mashati, humwachi akavuka kizingiti. Nikaenda kusimama mlangoni. Mie si mwembamba.

"Mchezo upo," nikasema. "Kaeni."

"Kijumbe wa kukusanya nani?"

"Mie."

"Afadhali," akasema mtu dirishani. "Huyo hata akila, atakula kwa hesabu."

Nilikuwa sijui nitasema nini mpaka nilipofungua mdomo. "Hatuchangi hela," nikasema. "Fundo zenu zifungeni vizuri. Tunachanga asubuhi. Kila nyumba yenye mchanga inatoa asubuhi moja: mtu mzima anakuja hapa barazani, anakaa na watoto wote, saa mbili mpaka saa tano. Asubuhi nyingine zote wenzake wanakaa na wa kwake, na binti yake yuko ndani anasoma. Unaweka moja, unazoa mpaka mzunguko uishe, urudi zamu yako. Nitajieni mchezo mwingine hapa Tandale unaolipa hivyo."

Kukawa kimya cha watu wanaopiga hesabu. Kimya hicho nakifahamu, na dawa yake ni kutokisumbua.

"Asubuhi yangu ndiyo vitumbua," mama wa vitumbua akasema.

"Jumatatu huuzi. Nakuonaga umekaa unasukwa."

"Naona umenifanyia upelelezi."

"Nimekufanyia nafasi."

Akainuka bibi mwenye nyumba yetu, mtu wa pwani haswa, baibui lake na miwani. "Msichana kulea ndiyo kujifunza," akasema. "Sisi tulibeba. Asipobeba, kesho akiolewa atashikaje mtoto?"

"Bibi, shikamoo tena. Huyu wangu kabeba mwaka mzima, hajaangusha. Hilo somo kashafaulu. Nataka akajaribu la pili."

"Maneno yako ya sokoni hayo. Nitakuja mwenyewe niwaone mnavyowaangusha watoto wa watu." Na kweli alikuja. Alikuja siku ya kwanza kutusimanga, akaja ya pili, na sikumbuki siku aliyokosa.

Wa mwisho kugoma alikuwa mama mmoja aliyezaa wavulana watupu. "Mie wanangu wanasoma tayari humo ndani. Nichange asubuhi ya nini?"

"Na mchanga wako, ukienda Buguruni kwenye biashara, anabaki na nani?"

"Na mtoto wa dada yangu. Nimemtoa kijijini aje anisaidie."

"Ana miaka mingapi?"

Akatazama mafundo ya kanga yake. "Saba. Au nane."

"Basi huyo ndiye namba yako."

Akalikaza fundo moja, akakaa.

Mwingine, mke wa jirani yetu aliyekuwa kuli bandarini mpaka walipompunguza, akasema yeye anafagia ofisi mjini, hana asubuhi hata moja. "Ila kuna mtu nimemwacha kitandani," akaongeza. "Tangu wampunguze anasukuma kete za drafti tu."

"Mchezo hauangalii nani kaleta mchango," nikasema. "Mradi ufike."

Walicheka sana, hata yeye mwenyewe. Mie sikuwa natania.

Tulianza wiki iliyofuata. Binti wa jirani yangu wa chumba cha mbele naye tukamwingiza, ingawa akikaa mkekani magoti yanafika masikioni. Wangu nilimkabidhi mwenyewe. Nikamfungua ile kanga, nikamtoa mdogo wake, nikampa bibi. Akaingia, akakaa baina ya wavulana wawili, mikono mitupu. Nilichungulia dirishani. Mwili wake ulikuwa bado unayumba, kulia, kushoto, anambembeleza mtu ambaye hayupo. Kijana wa pembeni akamwambia, "We, tulia." Akatulia. Baada ya muda kidogo akaanza tena.

Mkutano mtu anaweza kuususa. Mchezo hapana. Mtu aliyekula mchezo akatoroka hapewi hata kiberiti mtaani, na kila aliyekuwa na zamu alilijua hilo kuliko anavyojua sheria yoyote ya serikali. Wanawake walibadilishana zamu, wakakopeshana zamu, mmoja alijaribu kuuza zamu nikamkemea. Siku ya msamaha tuliitumia kwa msiba. Baada ya hapo tukabaki bila akiba.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, ikafika zamu ya nyumba ya yule kuli. Mie nilikuwa nawahi sokoni. Tulikuwa tumenunua belo la nguo za watoto watu watatu, linafunguliwa asubuhi ile, na ukichelewa kufungua, wenzako wanachagua, wewe unaokota. Nikapita ofisi ya tawi. Saa mbili ilikuwa imeshagonga. Barazani yuko bibi peke yake, mguu unamuuma, peke yake hawawezi watoto wote, na wasichana wamesimama mvuani na watoto migongoni, kama nilivyowakuta siku ile ya oda. Mwalimu alikuwa mlangoni, mkono kwenye komeo.

"Tulikubaliana, mama," akasema.

Binti yangu alinitazama tu, kisha akaanza kukaza fundo la kanga kifuani, taratibu, kama mtu aliyejua tangu mwanzo kwamba itakuwa hivi.

"Nipe muda wa kwenda pale maskani wanapochezea drafti na kurudi," nikamwambia mwalimu.

Yule bwana nilimkuta chini ya bati, mbele ya ubao wa drafti, na wenzake wawili.

"Shemeji, leo zamu yenu."

"Zamu ya mke wangu."

"Mke wako yuko kazini. Zamu ni ya nyumba."

Wenzake wakapata mlo wao wa asubuhi. "Braza, kanyonyeshe! Maziwa yatakauka!"

"Mfungieni kanga bosi, asilowe!"

Yeye akasukuma kete. "Dada, mie mwanamume. Nenda zako sokoni."

Nikainama, nikasema kwa sauti ya chini, lakini siyo chini sana. "Shemeji, nyumba yako imepokea asubuhi tangu mchezo uanze. Wako amelelewa na mama wa vitumbua, kalelewa na mie, kalelewa na bibi. Leo ndiyo mchango wenu wa kwanza. Sasa niambie nikitoka hapa niseme nini. Niseme nyumba yako imekula mchezo?"

Hapo hakucheka mtu. Yule aliyetaja kunyonyesha alishika kete hewani, hajui aiweke wapi.

Bwana akasimama. Akakunja ubao wa drafti, akautia kwapani. "Naenda nao huu."

"Hata meza chukua."

Tukaenda mwendo wa haraka mvuani. Mwalimu alikuwa hajafunga. Komeo lilikuwa nusu. Na yule mtu, mwenye miaka zaidi ya arobaini, kalowa, anahema, kaona macho ya watoto wote yamemgeukia, akababaika akamwambia yule binti: "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," mwalimu akajibu, kwa mazoea.

Darasa lilipasuka. Mwalimu akajifunika uso na kitabu. Nadhani ni kicheko kile kilichofungua mlango, kwa sababu baada ya kucheka namna ile huwezi tena kumfungia mtu. Wasichana wakaanza kufungua kanga, mmoja mmoja, na bibi akaanza kumgawia yule kuli watoto.

"Shingo! Shika shingo, hilo si gunia!"

"Bibi, mizigo nimebeba bandarini miaka yote. Haikuwahi kunikojolea."

Mie nikakimbilia sokoni. Belo lilikuwa limefunguliwa zamani. Niliambulia masweta mazito ya nchi za baridi, ya kumvalisha mtoto anayekwenda kufa kwa joto. Niliporudi saa tano, wale wenzake wawili wa maskani walikuwa barazani. Walikuwa wamekuja kumcheka, mvua ikawazuia, bibi akawapa kila mmoja mtoto. Mmoja alikuwa amelala, na mtoto kamlalia kifuani.

Zamu iliyofuata ya nyumba ile sikwenda kumwita mtu.

Januari ikafika. Tulijipanga nje ya ofisi ya mwalimu mkuu tangu asubuhi na watoto wetu, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyependa kuulizwa. Binti wa chumba cha mbele akainua mkono ukapita sikio. "Huyu si alikuja mwaka jana?" mwalimu mkuu akauliza. "Na mwaka juzi," mama yake akasema. "Sasa kapita vidudu, mwalimu." Akampa kalamu, mtoto akaandika jina lake kwa herufi kubwa zinazopanda mlima. Akampitisha.

Ikafika zamu ya wangu. Mkono ukapita juu ya kichwa, kidole kikagusa sikio. Kiligusa kweli, nilitazama mara mbili.

"Andika jina lako."

Akaandika. Kisha, bila kuambiwa, akaandika jina lingine chini yake.

"Na huyu wa pili nani?"

"Mdogo wangu."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani. Bado hajafikia sikio."

Mwalimu mkuu akakohoa. Nilidhani tumemaliza. Akageuka akachungulia darasani, akarudi. "Madawati yamejaa, mama. Wanakaa watatu watatu. Huyu ni mdogo, atasubiri. Mlete mwakani."

Nyuma yangu kulikuwa na wasichana wengine wanne wa baraza letu na mama zao. Nikasikia kanga zinasogea. Walikuwa wananikaribia.

"Mwalimu, kapita vidudu," nikasema.

"Najua. Lakini atakaa wapi?"

"Dawati linapimwa kwa makalio, na haya ya hapa nayajua, mie ndiye ninayeyavalisha. Ukiwabana wanaenea wanne."

"Wanne watabanana."

"Hawa wasichana, mwalimu, wamesoma herufi wamesimama juani na mtu mgongoni. Mtu wa pembeni atawasumbua nini?"

Akanitazama muda mrefu. Mie nikamtazama vilevile; kwenye kutazamana bila kupepesa nilikuwa na uzoefu wa miaka mingi ya soko. Mama wa vitumbua akaja akasimama ubavuni kwangu. Wa Buguruni akaja upande wa pili, kamshika mkono yule mtoto wa dada yake.

"Wako wangapi hao wenu?" mwalimu mkuu akauliza.

"Na wangu, watano."

"Watano wote hawaingii."

"Basi tusubiri hapahapa mpaka waingie," nikasema, na tukakaa chini, kwenye saruji, mlangoni pake, watoto katikati. Kila aliyetaka kuingia ofisini alituruka. Alituruka mwalimu wa zamu, alituruka mleta maji, na mwalimu mkuu mwenyewe akaturuka mara moja kwenda chooni na mara moja kurudi. Aliporudi hakukaa. Alichukua kalamu akiwa amesimama, akauliza majina, akaandika yote matano.

"Kesho saa moja na nusu," akasema bila kuinua macho. "Kila mtoto aje na ufagio."

Tukashuka mpaka sokoni kwa muuza fagio. Akanitajia bei, na bei ilikuwa ya wizi. Nikamwambia binti yangu achague mwenyewe. Alizigusa zote, moja moja, akachagua uliomzidi urefu, akauweka begani, akatangulia njia ya nyumbani, hata hajanisubiri nilipe.